Vidonda vya Kukaa na Kulala: Tusivifiche kwa Kuona Haya

Sisi tuliopooza kuanzia kiunoni kwenda chini tumezoea kuulizwa ikiwa tutatembea tena na ikiwa miguu yauma. Wachache mno hutuuliza habari ya ngozi. Ilhali mara nyingi linalomrudisha hospitalini mtu aliyeumia uti wa mgongo, na wakati mwingine linalomtoa duniani, si jeraha lenyewe la mgongo. Ni kidonda kilichoanza kama doa dogo kwenye makalio, kikafichwa kwa haya hadi kikafika mfupani. Mdharau mwiba, walisema wazee wetu, mguu huota tende.

Makala haya tunayaelekeza kwa familia nzima, na hasa kwa akina mama, dada na wake, ambao aghalabu ndio wanaobeba mzigo wa uuguzi nyumbani.

Kidonda huanzaje?

Mtu mwenye hisia kamili akikaa muda mrefu, makalio humuuma naye hujisogeza bila hata kufikiri. Hata usingizini hujigeuza. Sisi habari hiyo haitufikii. Mfupa huikandamiza nyama juu ya kiti, mishipa midogo ya damu hubanwa, na nyama iliyokosa damu hufa. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani, karibu na mfupa, kabla ya ngozi ya juu kupasuka. Ndiyo maana kidonda chenye mdomo mdogo huweza kuwa na pango kubwa chini yake.

Mgandamizo una wasaidizi wake. Kuna kukokotwa juu ya shuka au kiti badala ya kuinuliwa. Kuna unyevu wa jasho, hasa katika joto la kaskazi, na wa mkojo au haja kubwa. Kuna lishe duni, upungufu wa damu, kisukari na sigara. Kwa mwenye kukaa, sehemu za hatari ni mifupa miwili ya makalio na kifandugu. Kwa mwenye kulala, ni sehemu ya chini ya mgongo, nyonga, vifundo vya miguu, visigino, viwiko na kisogo.

Mikono na saa

Zamani wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa katika kipindi kifupi kwa vidonda hivi na kwa maradhi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alipewa kitengo cha wagonjwa hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Nguzo kuu ya kazi yake haikuwa dawa ghali, bali mikono ya wauguzi na saa ya ukutani.

Wala mali peke yake si kinga. Mwigizaji wa Marekani, Christopher Reeve, aliyepooza baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi mwaka 1995, alikuwa na wauguzi wa kumhudumia. Alipofariki Oktoba 2004, alikuwa akitibiwa kidonda cha aina hii kilichoingia vijidudu.

Kuikagua ngozi mara 2 kwa siku

Wakati mwafaka ni asubuhi baada ya Alfajiri, kabla ya kupanda kiti, na usiku baada ya Isha, tunaposhuka. Mwenye mikono yenye nguvu atumie kioo. Asiyeweza, aangaliwe na anayemuuguza. Kwa ngozi nyeusi tusitarajie wekundu. Tutafute doa lililokoza kuliko ngozi ya pembeni au lenye rangi ya zambarau, na mahali palipo na joto, pagumu, pororo au palipovimba kuliko kwingine. Doa likibaki baada ya nusu saa bila kukaliwa, hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda. Tusilikalie tena mpaka liondoke. Wala tusilikande kwa mafuta, kwani kusugua huzidi kuiumiza nyama iliyo chini.

Kujipunguzia uzito

Kila dakika 15 hadi 30 tukiwa kitini, twapaswa kuuondoa uzito kwenye makalio kwa muda wa dakika 2 hivi. Njia nyepesi ni kuinama mbele hadi kifua kikaribie mapaja, au kuegemea upande mmoja kisha wa pili. Kujiinua kwa mikono huchosha mabega, na wachache huweza kukaa juu muda wa kutosha damu kurudi. Anayeswali juu ya kiti huinama kwa rukuu na sijida, na hilo humpunguzia kidogo. Lakini ni kitambo kifupi, na baina ya swala moja na nyingine pana saa nyingi.

Hatari huongezeka tunaposahau saa: katika harusi, maulidi, darsa, au foleni ya feri ya Likoni. Jamaa aliye karibu na akumbushe kwa sauti ya chini. Haimvunjii mtu heshima yake, humhifadhi.

Kitandani, tugeuzwe kila baada ya saa 2 au kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Mto uwekwe chini ya ndama za miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka isiwe na mikunjo, na mfukoni mwa nyuma pasiwe na simu wala funguo.

Mto wa kukalia usiwe leso iliyokunjwa. Iwapo yawezekana, mtaalamu wa viungo aupime kulingana na mwili, uwe wa sponji maalumu, wa hewa au wa jeli. Mpira wa duara wenye tundu katikati, ambao wengi hudhani ni msaada, hubana damu pande zote na kuzidisha madhara.

Na kwa kuwa hatuhisi moto, birika la chai au sahani ya wali wa moto isiwekwe mapajani mwetu.

Chakula

Ngozi hujengwa kwa chakula. Samaki, mayai, maziwa, kunde, pojo na mbaazi huleta protini. Mboga za majani, machungwa na mapera huleta vitamini. Maji yanywewe ya kutosha. Mwenye kidonda kinachotibiwa na amuulize daktari wake kabla ya kuamua kufunga Ramadhani.

Stara si kuficha maradhi

Hapa ndipo penye uzito. Kidonda hiki hukaa mahali pa siri. Dada zetu wengi huvumilia wiki nyingi kuliko kumfunulia mtu, na wanaume vilevile huona haya mbele ya binti au mkamwana. Stara ni pambo letu, lakini sheria yetu yaruhusu kufunua kwa ajili ya matibabu kwa kadiri ya haja. Mwanamke ana haki ya kuomba muuguzi wa kike, na familia yaweza kupanga mapema nani atakayemkagua nani. Kuhusu udhu, mwenye kidonda au bendeji ana ruhusa zake katika fikihi. Na amuulize mwanachuoni badala ya kukilowesha kidonda.

Kikishatokea

La kwanza ni kuacha kabisa kukilalia au kukikalia. Hakuna dawa itakayoponya kidonda kinachokandamizwa kila siku. Kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kama yale ya hospitalini, kifunikwe kwa bendeji safi, na muuguzi akione mapema. Spiriti, majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge visitiwe.

Harufu mbaya, usaha, joto, homa, au misuli kukakamaa kuliko kawaida ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa aliyeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo, kidonda chaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla, kichwa kikagonga na uso ukatoka jasho. Huyo aketishwe wima, nguo za kubana zilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umeziba, kisha akimbizwe hospitali.

Kidonda kirefu huchukua miezi, na pengine huhitaji upasuaji. Ngozi iliyopona haiwi na nguvu ya awali, hivyo kurudi kitini ni kwa hatua: dakika chache, kukagua, kisha kuongeza.

Tunaziomba familia zipange usiku huu nani atageuza saa ngapi, ili asichoke mama mmoja pekee. Vijana wa nyumba nao wafundishwe. Nasi tunaouguzwa tuahidi kusema mapema. Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaoamka usiku wa manane kumgeuza mgonjwa.