Viluwiluwi Ndani ya Chupa

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona ajabu alipokuwa akitengeneza aiskrimu: maziwa yake, aliyoyatia kwenye jokofu yangali moto, yaliganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mhadhiri wa fizikia, Denis Osborne, naye akakubali kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao, na hadi leo wanasayansi wangali wakiyajadili.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo; lakini mtoto aliyechekwa huuliza tena kwa shida. Wilayani Kilosa, swali lililozimwa laweza kugharimu afya. Mto Mkondoa ulifurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Maji ya mafuriko yakipungua huacha madimbwi, na madimbwi huzalisha mbu. Mwanafunzi aweza kukariri kwamba malaria huenezwa na mbu, akafaulu mtihani, kisha akapita kando ya dimbwi lililojaa viluwiluwi bila kuwatambua.

Ufundishaji wa udadisi huanzia kwenye dimbwi hilo. Mwalimu wa Kilosa au Mikumi hahitaji maabara: chupa angavu, upawa wenye mpini mrefu na kipande cha chandarua kikuukuu vyatosha. Yeye ndiye achotaye maji, akiwa amesimama ukingoni, kwa kuwa kuingia majini huweza kuleta kichocho. Wanafunzi wakae katika vikundi vya watano, kila kikundi na chupa yake iliyofunikwa kwa chandarua, na swali moja: viumbe hawa hupumuaje?

Wakitazama kwa utulivu, wataona kwamba baadhi hulala sambamba na uso wa maji, ilhali wengine huning'inia vichwa chini. Wa kwanza ni anofelesi, jamii ienezayo malaria. Miongoni mwa wa pili wamo kyuleksi, waenezao matende. Vikundi vikipingana, mwalimu asikimbilie kutoa jibu, bali aulize: "Mmeona nini?" Kila siku wachore walichokiona na kuhesabu siku. Penye joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 hivi. Hapo watoto watafikia wenyewe hukumu kwamba maji yaliyotuama yakimwagwa kila wiki, mbu hawapati muda wa kuruka. Jaribio likiisha, maji yamwagwe juani kwenye ardhi kavu.

Mtoto hulitetea nyumbani jambo aliloliona kwa macho yake. Hata hivyo, asitwikwe mzigo wa watu wazima. Kufukia madimbwi na kutundika vyandarua ni kazi ya wazazi, na mtoto mwenye homa apelekwe kituoni ndani ya saa 24 apimwe, hata kama nyumba yao haina dimbwi.

Mhudumu wa afya aalikwapo shuleni, asianze na hotuba. Aketi kwanza, aombe kuonyeshwa michoro, asikilize maswali, na lile asilolijua aahidi kulitafutia jibu pamoja na watoto.