Chakula cha Taifa la Uingereza ni Kipi?

Karibu kila nchi ina chakula chake kinachosifiwa. Ukimwuliza Mtaliani, atakutajia tambi; ukimwuliza mtu wa Japani, atakutajia wali na samaki. Lakini ukiwauliza Waingereza watatu, yamkini utapata majibu matatu, na kila mmoja atashikilia lake. Watu wengine hudhani ya kuwa hayo ni mabishano ya mchezo tu. Lakini ndani yake mna jambo kubwa, kama tutakavyoona. Basi, na tusikilize hoja za kila upande kwanza, kisha tuamue.

Upande wa kwanza husema, "Chakula chetu ni nyama ya ng'ombe ya kuoka." Hiki ni chakula cha mchana siku ya Jumapili. Kipande kikubwa cha nyama huokwa, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuliwa pamoja na viazi, mboga na mchuzi. Tena huwekwa kando yake andazi liitwalo Yorkshire pudding, ambalo hufanywa kwa rojo la unga, mayai na maziwa. Zamani rojo hilo liliwekwa chini ya nyama iliyokuwa ikiokwa, ili lipate mafuta yaliyodondoka. Andazi lenyewe lililiwa kwanza, watu washibe kidogo kabla ya kuifikia nyama, kwa maana nyama ilikuwa ghali.

Sifa ya chakula hiki ni ya kale. Mwaka 1748 mchoraji William Hogarth alichora picha ya lango la mji wa Calais, ulioko Ufaransa. Katikati ya picha mna pande kubwa la nyama ya ng'ombe iliyotoka England, na askari wa Kifaransa waliokonda wanaitazama kwa uchu. Hata Wafaransa wenyewe waliwapa Waingereza jina la utani kwa ajili ya nyama hiyo.

Hata hivyo, hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, maskini hawakuweza kununua nyama hiyo kila mara. Pili, nchi tuiitayo Uingereza si England peke yake. Mna Uskoti pia, na Wales, na Ireland ya Kaskazini. Waskoti hujivunia haggis, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo, yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na mafuta, vitunguu na unga wa nafaka, kisha kupikwa ndani ya tumbo la kondoo. Watu wa Wales nao husifu cawl, mchuzi wa nyama na mboga. Je, hao tuwaambie ya kuwa chakula cha taifa ni cha jirani yao?

Upande wa pili husema, "Chakula chetu ni samaki na chipsi." Samaki huchovywa katika rojo la unga, hukaangwa katika mafuta mengi, na kuliwa pamoja na viazi vya kukaanga, chumvi na siki. Chakula hiki kilienea katika karne ya 19, wakati viwanda vilipoongezeka. Meli za moshi zilivua samaki wengi, na reli ikawafikisha upesi katika miji iliyo mbali na pwani. Mtu aliyetoka kiwandani jioni, amechoka, alinunua chakula cha moto kwa senti chache, akaenda zake nyumbani. Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, serikali iligawa vyakula vingi kwa kipimo. Nyama ilianza kupimwa mwaka 1940, na haikuachwa kupimwa mpaka mwaka 1954. Lakini samaki na chipsi havikupimwa kamwe. Watu hawakusahau jambo hilo.

Lakini na tuulize, vitu hivi vilitoka wapi? Kiazi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, nacho kililetwa Ulaya katika karne ya 16. Desturi ya kukaanga samaki katika rojo ililetwa na Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno. Nao wengi husema kwamba mtu wa kwanza kuuza samaki na viazi pamoja alikuwa Myahudi wa London, jina lake Joseph Malin, yapata mwaka 1860. Ingawa watu wa kaskazini mwa England husema alikuwa John Lees wa mji wa Mossley. Mwanzoni watu wengi walichukia harufu ya maduka hayo. Leo wajukuu wao husema kwamba hakuna chakula cha Kiingereza kupita hicho!

Upande wa tatu ni wa siku za karibuni. Mwezi wa Aprili mwaka 2001, Robin Cook, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoa hotuba mjini London. Alisema ya kuwa kuku wa tikka masala ni chakula halisi cha taifa la Uingereza. Alieleza kwamba tikka ni chakula cha Kihindi, yaani vipande vya kuku vilivyolowekwa katika maziwa ya mgando na viungo, kisha kuokwa. Na mchuzi uliongezwa kwa sababu Waingereza hupenda nyama yenye mchuzi. Mpishi mmoja wa Glasgow, Ali Ahmed Aslam, aliyezaliwa Pakistan, alisimulia kwamba yeye ndiye aliyekibuni, mteja aliponung'unika kuwa kuku wake ni mkavu. Wengine hawakubali habari hiyo.

Maneno ya waziri yaliwafurahisha wengi, na wengine yaliwachukiza. Waliochukizwa walisema, "Chakula cha wageni kitakuwaje chetu?" Hapo ndipo lilipo lile jambo kubwa. Mtu akisema kwamba chakula fulani si cha nchi hii, mara nyingi anasema pia kwamba waliokileta si watu wa nchi hii. Na mtoto wa mpishi yule, aliyezaliwa na kusoma Uingereza, anasikia.

Basi, sikilizeni ushahidi mmoja. Mwaka 1747 mwanamke wa Kiingereza, Hannah Glasse, alitoa kitabu cha mapishi kilichopendwa sana. Ndani yake mna maelezo ya kupika Yorkshire pudding. Ndani ya kitabu kicho hicho mna maelezo ya kupika mchuzi wa bizari kwa namna ya Kihindi. Vyakula hivyo viwili vimekaa katika kitabu kimoja tangu zamani, kabla ya samaki na chipsi kukutana.

Mimi naona hivi: chakula huwa cha taifa si kwa mahali kilipozaliwa, bali kwa watu wanaokila pamoja, kukipika kwa namna yao, na kukikumbuka wakiwa mbali. Wazee wetu walinena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aliyepewa jembe akalima pamoja nasi, je, si mtu wa nyumbani? Na tusiwacheke Waingereza. Mahindi ya ugali wetu nayo yalitoka Amerika, yakavuka bahari. Lakini ni nani kati yetu aletewaye ugali akasema, "Hiki ni chakula cha wageni"?

Maswali
1. Kwa nini samaki na chipsi vilipendwa sana wakati wa vita?
2. Kitabu cha mwaka 1747 kinatuonyesha nini?
3. Taja chakula kimoja kinacholiwa kwenu. Waulize wazee kilitoka wapi.