Miti ya Miiba: Jua Ukoo Wake Kabla ya Kuokota Gundi

Ewe mfugaji wa Banissa, utokapo mjini kwenda malishoni, njia yote ni vichaka vya miiba. Machoni pa mgeni vyote ni kitu kimoja. Wewe wavijua kwa majina: cadaad, bilcil, qurac. Lakini wakati wa kiangazi, majani yakiisha kupukutika na maua hakuna, hata mwenyeji aweza kukosea. Kosa hilo lina hasara. Gundi inayotiwa katika vyakula duniani inatakiwa itoke katika cadaad, ambao Waswahili huuita kikwata, au katika mti uitwao seyal. Gundi ya mti mwingine ikichanganywa humo, mzigo wote huweza kukataliwa.

Basi mti utambulikaje? Mwaka 1754 Mwingereza Philip Miller aliandika kitabuni jina la Acacia. Baadaye miti na vichaka vingi viliingizwa katika jina hilo, vya Afrika vyenye miiba na vya Australia ambavyo vingi havina. Wataalamu walitazama maua, majani na maganda ya mbegu tu.

Siku hizi wanatazama na ndani. Katika kila jani mna DNA, yaani maandishi ya urithi ambayo mti hupokea kwa wazazi wake. Maandishi hayo yana herufi nne tu: A, T, G na C, zilizopangwa kwa maelfu na maelfu. Mtaalamu husaga kipande cha jani kikavu, hutoa DNA, hunakili sehemu moja mara nyingi, kisha husoma herufi zake na kuzilinganisha na za miti mingine. Tofauti zikiwa chache, udugu ni wa karibu. Wewe mwenyewe wafanya vivyo hivyo: watu wawili wakikutana kisimani huhesabu majina ya mababu mpaka wafike kwa babu mmoja. Sura huweza kudanganya, lakini hesabu ya mababu huonyesha ukoo.

Hesabu hiyo ilionyesha kwamba Acacia si ukoo mmoja. Mikutano ya wataalamu wa mimea iliyofanyika Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011 iliamua jina la Acacia libaki kwa miti ya Australia, ambayo ni aina karibu 1,000. Miti yetu iligawanywa, mingi ikiingia katika koo mbili: Senegalia na Vachellia. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake walitangaza majina mapya ya aina nyingi za Afrika. Cadaad sasa ni Senegalia senegal, bilcil ni Senegalia mellifera, na qurac ni Vachellia tortilis.

Wewe huna mashini ya kusoma herufi, lakini unayo macho. Fuata dalili hizi:

1. Tazama maua. Yakiwa duara kama kifungo, mara nyingi ni Vachellia. Yakiwa marefu kama mkia, mara nyingi ni Senegalia.

2. Tazama miiba. Cadaad ina miiba mitatu pamoja, miwili imepinda kuelekea juu na wa katikati umepinda kuelekea chini. Bilcil ina miiba miwili miwili iliyopinda kama ndoana. Qurac ina miiba mirefu iliyonyoka pamoja na mifupi iliyopinda.

3. Weka alama kwenye miti ya cadaad wakati wa maua, ili kiangazi usibahatishe.

4. Gundi ya kila aina itie katika mfuko wake.

Ukiwa na shaka, kata kitawi chenye majani, maua, maganda na miiba. Kikaushe kati ya magazeti, andika mahali ulipokikata na jina lake kwa lugha yako, ukipeleke kwa Bwana Misitu. Huko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, mna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia. Jina ulilopewa na wazee usilitupe, maana kazi ya mtaalamu huanzia hapo.