MAPAFU YAKIJAA MAJI

Wasomaji wetu wengi wamepata kumwona mgonjwa wa kichomi, ambaye jana alikuwa akikohoa tu, na leo ameketi akihema upesi upesi, kucha na midomo imegeuka rangi, wala hawezi kusema maneno matatu kwa pumzi moja. Yafaa tueleze jambo lililotukia kifuani mwake.

Mapafu si mifuko miwili mitupu kama mivukuto ya mhunzi. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, milioni 300 na zaidi, na kila kimoja kimezungukwa na vijishipa vya damu. Kuta zake ni nyembamba sana, hata hewa safi hupenya ikaingia katika damu, na hewa chafu hutoka.

Basi kichomi kikiwa kikali, au sumu ya ugonjwa ikienea mwilini, au malaria ikizidi, au mtu akivuta moshi wa nyumba iunguayo, kuta hizo huvimba na kuvuja. Majimaji ya damu huingia ndani ya vifuko, na ule ute uvizuiao visinywee huharibika. Damu hupita hapo ikarudi moyoni bila kupata hewa. Mgonjwa ahema kwa nguvu, lakini ni kama atekaye maji kwa pakacha.

Madaktari wa Denver, Marekani, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1967, baada ya kuona wagonjwa 12. Hakuna dawa ya kuyakausha mapafu hayo. Hutibiwa chanzo chake, na mgonjwa hupewa hewa safi, pengine kwa mashine. Zamani mashine ilisukuma pumzi kubwa, nayo ikapasua vifuko vichache vilivyosalia vizima. Mwaka 2000 ilithibitika huko Marekani, kwa wagonjwa 861, ya kuwa pumzi ndogo huokoa zaidi: walikufa 31 katika kila 100, badala ya 40. Mwaka 2013 Wafaransa walionyesha kwamba mgonjwa mahututi wa mashine akilazwa kifudifudi saa nyingi kila siku, hupona zaidi.

Lakini hayo yote yako hospitali, wala hayapatikani nyumbani. Kwa hiyo twawasihi wakuu wa vijiji, walimu na wazazi: mkimwona mgonjwa ahema hivyo, msingoje kupambazuke. Mchukueni usiku ule ule, naye akae kitako njiani. Ngojangoja huumiza matumbo.