Vumbi la Kahawia Kwenye Tangi la Samaki

Tangi jipya la samaki halikai safi muda mrefu. Kabla mwezi haujaisha, vumbi la kahawia hutanda kwenye kioo, likafunika mawe na majani ya mimea, na mchanga uliokuwa mweupe ukaonekana mchafu. Ukipitisha kidole linatoka mara moja. Kesho yake limerudi. Hapo wafugaji wengi wapya humwaga maji yote, wakaosha mchanga na chujio kwa maji ya bomba, wakaanza upya. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo, na sababu yake imo ndani ya vumbi lenyewe.

Utando huo si mwani mkubwa wa kahawia unaotupwa ufukweni na mawimbi. Ni diatomu, viumbe vya seli moja visivyoonekana bila hadubini. Zina klorofili kama majani, ila ukijani wake hufunikwa na rangi nyingine iitwayo fukozanthini. Kila diatomu hujijengea gamba la silika, dutu ileile inayotengenezewa kioo. Gamba lina nusu mbili, moja imeingia ndani ya nyingine kama kasha na kifuniko chake. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi nusu moja na kujitengenezea nusu ya ndani. Aliyerithi nusu ndogo hutoka mdogo kuliko mzazi wake, na ukoo huendelea kupungua kimo hivyo hivyo mpaka seli zijamiiane na kuanza tena na ukubwa wa awali. Viumbe hivi tunavyovifuta kwa sponji hukadiriwa kufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote duniani. Binafsi naona vinastahili kutazamwa vizuri kabla ya kufutwa.

Bila silika, diatomu nyingi haziwezi kugawanyika. Je, silika hiyo inatoka wapi? Wengi hulaumu mchanga, lakini mchanga wa kwazi huyeyuka polepole mno. Chanzo kikubwa zaidi ni maji yenyewe, hasa yaliyopita kwenye miamba ya volkano. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina makumi ya miligramu za silika katika kila lita. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, diatomu za ziwa la kale zilineemeka kiasi kwamba magamba yao yamerundikana yakawa mwamba mweupe mwepesi unaochimbwa hadi leo. Unga wa mwamba wa aina hiyo hutumika kuchuja vinywaji, na wapo wanaouweka kwenye mashine za kuchujia maji ya samaki.

Sasa rudi kwenye tangi changa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huishi juu ya mchanga, mawe na sponji ya chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Katika muda huo mimea bado haijashika mizizi, nyuso zote ziko wazi, na silika ni tele. Diatomu huwahi nafasi. Tangi likikomaa, mimea na viumbe wengine hugombea virutubisho na mahali pa kushika, silika nayo hupungua majini. Anayeosha kila kitu kwa maji yenye klorini huua bakteria wake, huwaweka samaki hatarini, na huleta silika mpya juu yake.

Kwa hiyo futa kioo, na papo hapo vuta uchafu kwa mpira ili magamba yatoke nje ya tangi, la sivyo yatayeyuka taratibu na kurudisha silika. Badilisha robo ya maji kwa wiki. Sponji ya chujio ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Taa iwake saa sita hadi nane kwa siku. Kuizima kabisa hakufai, maana diatomu huvumilia mwanga hafifu na mimea ndiyo itakayotangulia kuumia. Dawa za kuua mwani siziungi mkono: baadhi zina shaba, na shaba huua konokono na uduvi.

Wapo wanaokula diatomu kwa hamu. Katika miamba ya Ziwa Tanganyika, samaki wa jenasi ya Petrochromis wana meno mengi membamba yenye ncha tatu, ambayo huchana diatomu kutoka kwenye nyuzi za mwani. Ni wakubwa na wagomvi mno kwa tangi dogo la sebuleni. Huko afadhali konokono wa nerite, au kambare wadogo wa Otocinclus kutoka Amerika Kusini, nao wasiingizwe mpaka tangi limekomaa, kwa kuwa hawastahimili amonia.

Miezi mitatu ikipita na vumbi bado linarudi kwa nguvu, pima silika ya maji ya bomba au kisima chako kwa vipimo vya matone. Ikiwa juu, kila ndoo unayoongeza inazilisha diatomu. Changanya maji hayo na ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, au yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume.