Mirihi Haikuwa Mwezi wa Pili

Agosti ikikaribia huzuka habari ile ile: usiku wa tarehe 27, Mirihi itaonekana kubwa sawa na mwezi mpevu. Nami mwaka mmoja nilidanganyika. Nilipanda juu ya nyumba na wajukuu, tukakodoa macho hata usiku mkuu. "Babu, huo mwezi wa pili u wapi?" Sikuwa na jawabu.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa neno huulizwa isnadi yake: nani kasema, naye kapokea kwa nani? Mbona habari ya nyota sikuiuliza?

Nikaifuata nyuma hadi mwaka 2003. Tarehe 27 Agosti mwaka huo Mirihi iliikaribia dunia kweli, ikawa umbali wa kilomita kama milioni 56. Waraka ulioenea ulisema kuwa mwenye darubini ikuzayo mara 75 ataiona Mirihi kubwa kama mwezi utazamwao kwa macho matupu. Wenye kunakili wakaiacha darubini njiani, na mwaka pia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi u mbali nasi kilomita 384,000 hivi; Mirihi siku ile ilikuwa mbali mara 145 ya hapo, na upana wake ni kama maradufu ya mwezi tu. Basi kwa macho ni nukta, ing'aavyo yote.

Atafutaye ilimu hii katika intaneti na aende kwenye shina. Ipo Horizons, ya maabara ya JPL huko Marekani: waipa tarehe na mahali ulipo, yakupa umbali wa sayari. Ipo SIMBAD ya Strasbourg, Ufaransa (jina lanikumbusha Sindibadi baharia), yenye nyota na vitu vingine vya mbinguni zaidi ya milioni 10. Andika Aldebaran, nyota iifuatayo Kilimia, na hilo "ifuatayo" ndiyo maana ya jina lake kwa Kiarabu. Utapewa vipimo vyake, na kila kipimo makala kilimotoka. Isnadi hiyo!

Kwenye arXiv, iliyoanza 1991, makala za wataalamu husomwa bure. Ila nyingi huwekwa kabla hazijakaguliwa na wenzao. Tazama kwanza kama imekwisha kutoka katika jarida.

Agosti iliyopita mjukuu wangu mkubwa aliletewa habari ile ya Mirihi katika simu. Kabla sijafungua kinywa, yeye alikuwa amekwisha kuifungua Horizons.