Mboga ya Maharagi Makavu

Kalembe iko njiani, katikati ya Mweso na Pinga, mahali ambapo Masisi inakutana na Walikale. Upande mmoja ni milima, na watu wa huko hulima maharagi na viazi. Upande wa pili ni mwitu mkubwa wa Walikale, na huko michikichi hukua vizuri. Basi chungu kimoja chaweza kupata vitu vya pande zote mbili: maharagi ya mlimani, na mafuta mekundu ya michikichi tunayoyaita mawese.

Chakula kikavu hungoja. Mwezi wa Oktoba 2024 vita vilifika Kalembe, na watu wengi walikimbia. Siku za namna hiyo magari hayapiti na soko halifunguliwi. Ndiyo sababu mama wengi huweka maharagi ndani ya nyumba, mengine wameyachanganya na majivu ili fukusi wasiyatoboe.

Kwa watu sita chukua nusu kilo ya maharagi, kitunguu kimoja, chumvi kidogo na vijiko vitatu vya mawese. Nyanya ikiwapo, vema. Sambaza kavu wakiwapo, vema zaidi. (Sambaza hawakuwa samaki wa ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kuona soko la Kivu lisilo nao.)

Jioni mwaga maharagi juu ya ungo. Ondoa mawe, maana jiwe dogo huvunja jino. Osha maharagi, uyatie katika maji mengi, yalale humo mpaka asubuhi. Asubuhi maji yale yamwage yote, usipikie. Tia maji mapya safi, uweke chungu juu ya mafiga.

Sasa sikilizeni vizuri, watoto. Maharagi mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu. Mtu akila machache tu yasiyoiva, baada ya saa moja mpaka tatu hivi hutapika sana na kuharisha. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu, si na maji ya moto tu. Kuni ni chache na mtu hutamani kuzipunguza, lakini maharagi yaliyowekwa juu ya makaa hafifu tangu mwanzo, maji yasichemke hata mara moja, yaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi kabisa. Kwa hiyo kwanza washa moto mkubwa. Maji yarukeruke muda wa nusu saa, hapo sumu imekwisha. Baadaye ndipo unapoweza kuondoa kuni mbili, kufunika chungu, na kuyaacha yaive polepole. Maharagi mapya huiva upesi. Ya mwaka jana ni magumu, nayo hula kuni nyingi hata kama yamelala majini.

Bonyeza harage moja kwa vidole. Likipondeka bila kiini kigumu ndani, yameiva. Usitie nyanya kabla ya hapo, kwa sababu ukali wake huzuia maharagi yasilainike.

Katika sufuria nyingine pasha mawese. Hapa wapishi wengi hukosea: huyaacha motoni mpaka yatoe moshi na wekundu wake upotee. Wekundu ule ndio wenye kazi. Mwili huugeuza kuwa vitamini A, na mtoto anayekosa vitamini hiyo haoni vizuri jua likishatua. Basi mafuta yakipata moto, tia kitunguu mara moja, kikaange kidogo, kisha nyanya, kisha sambaza waliooshwa. Mimina vyote juu ya maharagi. Chumvi itiwe sasa, maji yakiisha kupungua, ili mboga isizidi kuwa na chumvi. Ponda maharagi machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, uache juu ya moto dakika kumi.

Huliwa na bugali, ndizi au viazi. Ikibaki, ifunike uiweke mahali pa baridi, na kesho asubuhi uichemshe tena mpaka itokote kabla mtu hajaonja.